Miguu Arobaini na Miwili

Habari ya kifo cha Papa Wilondja ilinikuta nikisahihisha madaftari, kazi niliyoifanya miaka mingi mpaka imegeuka tabia, tena tabia mbaya. Siwezi kusoma tangazo la duka bila kutafuta kosa. Mdogo wangu alikuwa akiniandikia ujumbe namrudishia ukiwa umesahihishwa, na siku hizi haniandikii, ananipigia. Ujumbe wa siku hiyo uliingia mchana, hapa Kitahana, Kibondo, nikiwa nimekaa barazani na kalamu nyekundu mkononi. Ulitoka kwa jirani yake wa kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: "Mwalimu, papa alisha kufa juzi asubui. Aliacha neno kwa mama: mwalimu akuye na ile kitu na wembe." Makosa yalikuwemo na kwa mara ya kwanza sikuyaona. Mtu mwingine akisikia wembe msibani atafikiri ni wa kunyolea. Mimi nilijua ni wa nini, na nilijua "ile kitu" ni kitu gani. Kilikuwa juu ya kabati langu, kimeviringishwa ndani ya mkeka na kufungwa kamba ya katani. Nilikuwa nimehama nacho nyumba tatu, kutoka Kasulu mpaka Kibondo, bila kukifungua hata siku moja.

Mwaka ulioniletea kitu hicho ulikuwa elfu mbili na kumi na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mtoto wa Pangani niliyepangiwa shule ya msingi kando ya barabara inayotoka Kasulu kwenda kambini, na sikuwa na shaka na jambo lolote duniani isipokuwa chakula. Nililia nazi waziwazi, kama mtu aliyefiwa. Nilipanga chumba kwa Mama Nesto, Muha mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, na kwa kweli alikuwa na ng'ombe wanne aliowapenda kuliko wapangaji. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, kitanda cha kamba, meza ya shule niliyoazimwa, na sakafu ya udongo iliyotoa harufu nzuri kila nilipoinyunyizia maji. Ukuta ulikuwa mmoja kati yangu na jiko lake, kwa hiyo nilisikia kila alichowaambia wanawake wenzake kunihusu. "Mwalimu wetu anadonoa kama kuku," aliwaambia. Asubuhi angenisalimia "Mwakeye!" kana kwamba hakusema lolote, na jioni angeniletea ugali wa muhogo na maharage, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Leo najua nilikuwa nikipendwa. Wakati ule niliona ninachungwa.

Jumamosi nilikwenda soko la kambini, kama walivyofanya watu wote wa vijiji vya jirani. Wakongo walikuwa na vitenge ambavyo huvipati Kasulu mjini, na mimi mshahara wangu ulijua njia ya kwenda kwenye vitenge. Siku moja nilisimama mbele ya kibanda cha kinyozi kwa sababu ya bango lake, maana lilikuwa limechorwa vizuri mno kwa kibanda kile. Nikauliza fundi ni nani. Kinyozi akanionyesha mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa koti katika jua la saa sita, amekaa nyuma ya meza iliyotandikwa makaratasi. Nilipofika na kuyatazama nikasahau vitenge. Kila karatasi ilikuwa vita. Vita vya farasi, vya wino mweusi na maji: wapanda farasi wanakabiliana, mikuki inakatana hewani, farasi mmoja amesimama kwa miguu ya nyuma na mwingine anaanguka kwa kifua, mpandaji ananing'inia kwa mguu mmoja, na juu ya yote hayo wingu la vumbi la kijivu, jeusi huku, jeupe kule, ambalo ukilitazama sana unaanza kusikia kelele. Hakuna farasi Kasulu. Hakuna farasi mkoa mzima niliokuwa nikiufahamu. Nikamwuliza, kwa ile jeuri yangu, nani atanunua vita vya farasi hapa?

"Hakuna," alisema. "Njo maana biko vingi."

Alikuwa Papa Wilondja, yaani Baba Wilondja kwa Kiswahili cha kwao. Kwao, ng'ambo ya ziwa, alikuwa amefundisha shule ya sekondari. "Profesa ya desen," alisema, yaani mwalimu wa uchoraji, na aliposikia kwamba na mimi ni mwalimu alisimama akanipa mkono kama tumekutana kwenye mkutano wa kamati. Katika maisha yake yote alikuwa ameona farasi hai wawili tu, wa mzungu mwenye mashamba, enzi za utoto wake. Wengine wote aliwasoma kwenye vitabu na kwenye sanamu za chokaa za chuo. Nilimwambia ninataka anifundishe ili nipate kuchora zana za darasani. Ulikuwa uongo. Nilitaka kujua vumbi lile linapatikanaje.

Linapatikana hivi. Wino wake ulikuwa masizi ya sufuria, yaliyokwanguliwa, yakasagwa na utomvu wa mti, yakahifadhiwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Burashi zake zilikuwa nywele za mkia wa mbuzi zilizofungwa kwenye mafunjo. Meza yake ya kazi, nyumbani, ilikuwa mlango wa zamani uliowekwa juu ya madumu mawili ya maji. Mimi nilipopewa karatasi ya kwanza nilianza, kama mwanafunzi yeyote mwerevu, na kichwa cha farasi. Akaninyang'anya. "Hapana, mutoto yangu. Usianze na farasi. Anza na vumbi. Farasi atatoka mwenyewe." Alilowesha karatasi nzima kwa kipande cha godoro, akadondosha wino matone matano, akainua ncha moja ya ule mlango. Wino ukakimbia. Ukapanuka, ukagongana, ukaacha kingo nyeusi mahali na weupe mahali. Kisha tukakaa. Tulikaa karibu saa nzima tukingoja karatasi ikauke, na mimi nilikuwa nafurukuta. Ilipokauka alichukua kalamu ya unyasi, akatazama madoa yale kwa muda, akaweka jicho la farasi mahali ambapo kulikuwa na doa tu, na nikaona kwamba farasi alikuwapo muda wote. "Batu banafikiri vurugu inakuya nyuma," alisema. "Unapanga batu vizuri, halafu unavuruga. Hapana. Vurugu njo ya kwanza. Sisi tunakuya kutafuta nani alikuwa mule ndani."

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, wino hauna ufutio. Ukikosea, umekosea. Kilichopo ni wembe: unauvunja katikati, unakwangua polepole, na weupe wa karatasi unarudi. Kwa wembe alipata mng'ao wa mkuki, hatamu iliyokazwa, jasho juu ya shingo ya farasi. Alinikalisha wiki tatu nikikwangua mistari myembamba mpaka mkono wangu ukatulia. Sheria ya pili ilihusu miguu. Katika vita vile miguu ilikuwa msitu, na mimi niliongeza mguu popote palipobaki nafasi ili vurugu inoge. Alinishika mkono. "Huu ni wa nani?" Sikujua. "Tafuta. Kila muguu iko na mwenyewe. Hata kwa vurugu. Zaidi kwa vurugu." Tukafuata mguu wangu juu kwenye vumbi, hatukukuta mwili, na karatasi yote ikawa ya kuwashia moto.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi na paa la turubai, chumba kimoja na ua, na ndani yake alikuwemo mkewe, Mama Asende. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mkali kwa mambo madogo, na alinipenda kwa sababu nilikula sombe yake, kisamvu cha kwao, bila kudonoa. Nilikula pale karibu kila Jumamosi mwaka ule: bugali, sombe, mara nyingine njegere za njano za mgao ambazo alizilaani kila alipozipakua. Alipakua sahani tatu kabla sijaanza kwenda, na nilipoanza kwenda akapakua nne. Moja ya Papa, moja yake, moja yangu, na moja aliyoifunika kwa bakuli la bati na kuiweka juu ya sanduku karibu na mlango. Mara ya kwanza nilinyoosha mkono kuiteremsha, nikidhani imesahauliwa. "Iache," alisema Papa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Hiyo iko na mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Asende, mtoto wao wa kwanza na wa pekee, ambaye kambi nzima ilimtaja kila siku bila kumjua, kwa kuwa kila aliyemwita mama yake alilitaja jina lake. Nilielezwa na Mama mwenyewe, tukichambua mboga uani. Walipokimbia vita kwao, miaka mingi nyuma, mtoto alikuwa na miaka sita. Walitengana njiani kwenda ziwani: yeye mbele na wanawake, Papa nyuma na mtoto. Papa alipomkuta ufukoni hakuwa na mtoto. Alimwambia mtoto amepandishwa boti nyingine na watu wa kijiji, atawafuata. "Boti ile ilipotelea wapi, hatuyui," alisema Mama Asende, akitupa shina la mboga. "Lakini mutoto wa kupanda boti anashuka." Ndiyo sababu kila magari yalipoleta wakimbizi wapya aliacha chochote alichokuwa akifanya, akajifunga kitenge cha pili, akaenda mapokezi kutazama nyuso. Mwaka ule Warundi walipoanza kuingia, basi baada ya basi, alikuwa akienda kila siku. Nilimwambia, mimi mjuaji, kwamba wale ni Warundi. Akanijibu bila kukasirika kwamba njia ya kutoka kwao inaweza kupita popote. Papa alikuwa amekaa mlangoni akisikia, na niliona anatazama mikono yake.

Ile picha kubwa tuliianza mwezi wa pili. Niliiba karatasi za manila shuleni, nakiri, tukaziunganisha sita kwa uji mzito wa muhogo mpaka zikajaa mlango wote. Vumbi lake lilichukua siku mbili. Farasi kumi na mmoja walitoka humo, mmoja baada ya mwingine, na sijawahi tena kuona kitu cha kutisha kama kile kikitoka mkononi mwa mtu mpole. Hawakuwa wakipigana na mtu. Walikuwa wakishuka, wote upande mmoja, kwenye njia nyembamba kati ya kingo mbili, wapandaji wengine wameshapoteza mikuki, mmoja ameficha uso kwenye manyoya ya shingo, macho ya farasi yamejaa kichaa. Tulihesabu miguu kila Jumamosi. Ilikuwa arobaini na miwili, miwili mingine ikiwa imemezwa na vumbi, na kila mmoja alinifanya niufuate kwa kidole mpaka kwa mwenyewe. Kitu kimoja tu hakikuwa na mwenyewe. Chini kabisa, upande wa kushoto, ndani ya vumbi, kulikuwa na mkono mdogo uliofunguka vidole. Mkono wa shati ulikuwa na kifungo kikubwa mno, cha koti la mtu mzima. "Huu ni wa nani?" nilimwuliza, nikifurahi kumkamata kwa sheria yake. "Huo uache," alisema. Halafu akaniambia picha ikiisha ataitundika ukutani, atamkalisha Mama Asende mbele yake, na kuna jambo atamwonyesha. Alisema macho yake yanafifia, na nguvu ya kufanya jambo hilo anayo ya mara moja tu. Nilidhani ni zawadi.

Mvua za mwezi wa nne na wa tano zilikuwa nzito, na turubai lao likapasuka. Nyumba ilikuwa imejaa, maana walikuwa wamekaribisha familia ya Kirundi yenye watoto watano. Papa akaniomba niiweke picha kwangu, pakavu, mpaka mvua zipite. Ilikuwa imekwisha, alisema, imebaki kukaushwa. Niliibeba kwa pikipiki ndani ya mkeka, nikaitundika juu ya kitanda changu, ikafunika ukuta mzima. Mama Nesto aliingia na bakuli la maharage, akasimama. Aliitazama kuanzia chini, kama mtu anayenunua mnyama. "Hizi ni inka, mwalimu," alisema.

"Inka ni ng'ombe, Mama Nesto. Hawa ni farasi. Huoni wamepandwa?"

"Naona waliopanda. Naona na miguu." Akaweka bakuli mezani. "Wewe umewahi kuona inka zikikimbia kwa hofu? Ziko hivi hivi."

Nilicheka. Nilimcheka mwanamke aliyefuga ng'ombe maisha yake yote, mimi niliyewaona ng'ombe wa maana kwa mara ya kwanza uani kwake.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu alipita kunidai maandalio ya somo. Alikuwa mtu wa Arusha, amekulia jirani na shamba la walowezi lenye farasi, na hakuchoka kutukumbusha. Alisimama mbele ya picha, nami nikangoja asifu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu mzee wako hajawahi kuona farasi! Tazama kwato. Zimepasuka katikati. Farasi ana ukwato mmoja mzima, kama bakuli. Hizi ni za mbuzi, za ng'ombe. Mwalimu, picha kubwa hivi, na kosa la darasa la tatu!" Aliondoka akicheka, na siku ya pili ofisini alilirudia kwa walimu wote, nao wakacheka.

Niliona aibu kiasi kwamba sikula mchana. Nilimwonea aibu Papa, na nilijiaminisha kuwa ninamtetea. Macho yake yanafifia, nilijiambia. Hajaona farasi tangu utotoni. Amesahau. Ataitundika mbele ya mkewe na majirani, halafu mtu apite acheke kama Mwalimu Mkuu. Jumapili, kweupe kabisa, nikafungua chupa ndogo ya wino niliyopewa na Papa, nikachukua burashi nyembamba, nikaanza kwenye kona ya kulia. Ukwato baada ya ukwato niliziba ufa wa katikati kwa wino mweusi, nikazungushia vizuri, mzima kama bakuli. Ilikuwa kazi safi. Arobaini na mbili. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikaitazama nikaridhika, na hilo la kuridhika ndilo linaloniuma zaidi hadi leo, maana nilikuwa na maji pembeni, nilikuwa na wembe pembeni, nilikuwa na mchana mzima wa kujiuliza mzee aliyenikataza mguu mmoja usio na mwenyewe angewezaje kukosea kwato arobaini na mbili.

Niliirudisha mwanzoni mwa mwezi wa sita, mvua zilipokwisha. Papa alikuwa amevaa shati jeupe. Alikuwa amewaondoa watoto uani, amepigilia misumari ukutani, amemwekea Mama Asende kiti. Tukaitundika. Mwanga wa ndani ulikuwa hafifu, na yeye hakuisogelea. Alikaa pembeni, akamtazama mkewe badala ya picha. "Angalia miguu," alimwambia. "Anza na miguu, mama. Angalia pole pole."

Mama Asende aliangalia. Aliinama mbele, mikono magotini, kama anasoma barua ngumu. Nje mtu alikuwa akitwanga. "Miguu ya farasi," alisema mwishowe.

"Angalia tena."

"Nimeangalia, Papa. Ni kwato ya farasi, kama zile za sanamu ya Mtakatifu kule misheni." Akasimama, akamgusa bega kwa upole. "Ni muzuri sana. Umechora muzuri." Nje, mbali, basi likapiga honi. Akajifunga kitenge chake cha pili akatoka kwenda mapokezi.

Papa aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka uso wake karibu kabisa na karatasi. Akapitisha kidole kwenye ukwato mmoja. Kisha wa pili. Nilianza kueleza: Mwalimu Mkuu, Arusha, kwato za mbuzi. Nilieleza kwa haraka na kwa furaha ya mtu anayengoja ahsante. Hakunikaripia. Ningetamani angenipiga. Alikaa kwenye kiti cha mkewe akanieleza, akiwa ameipa picha mgongo.

Asubuhi ile waliyokimbia, njia ya kushuka ziwani ilikuwa nyembamba, kati ya kingo mbili, na watu wameijaa. Risasi zilipolia juu, kundi la ng'ombe la watu waliokuwa nao wakikimbia lilishtuka likashuka njia hiyo hiyo. Alimshika mtoto mkono. Ng'ombe walipita kati yao. Hakusema mkono ulimponyoka. Alisema, "Niliachilia." Vumbi lilipotulia alimkuta. Alimfunika kwa shati lake mwenyewe na mchanga, akashuka ufukoni, akamkuta mkewe anakataa kupanda boti bila mtoto. "Ningemwambia, angebaki pale. Angekufa pale. Nikasema boti nyingine." Akaitazama mikono yake. "Uongo ya siku moja, mutoto yangu. Nilisema nitamwambia kesho."

Nikamwuliza kwa nini basi farasi, kwa nini asichore ng'ombe. Akasema wenye ng'ombe kwao ni watu wa kabila fulani, na wengine wao wako humu humu kambini, watoto wao wanacheza uani kwake. "Nikichora ng'ombe, batu batasema ninashitaki. Balikuwa banakimbia kama sisi. Farasi hana kabila. Nikaweka farasi juu, kwa macho ya batu, na kwato chini, kwa macho ya mama." Mama Asende alikuwa ameipita ile njia, na nyayo za ng'ombe aliziona ziliposhukia ufukoni. Kila aliyesubiri boti aliziona.

Nililia. Nilimwambia wembe ninao, ninaweza kurudisha ufa wote kabla mama hajarudi. Alitikisa kichwa. "Alisha kuona. Aliniambia ni muzuri." Akaniomba niiondoe ukutani, niende nayo, na nisiirudishe. Jioni ile Mama Asende alirudi kutoka mapokezi, hakumwona aliyemtafuta, akapakua chakula. Sahani moja akaifunika. Nilimtazama akiiweka juu ya sanduku, nikajua kwamba sahani ile sasa ilikuwa yangu, ni mimi ninayeiweka pale.

Mwisho wa mwaka niliomba uhamisho na nikapata Kibondo. Watu walidhani nafuata hali ya hewa. Kibondo na Nyarugusu si mbali kiasi cha mtu kushindwa kwenda, na mimi nilishindwa kwa miaka. Nilituma salamu, sukari, kitenge kila sikukuu. Nilijisemea kuwa siri ni ya Papa, si yangu, na hilo lilikuwa kweli, na pia lilikuwa maficho mazuri. Nilichokuwa nikiogopa ni uso wa Mama Asende tu. Darasani nikawa mwalimu anayesahihisha polepole. Mtoto akiandika jambo nisilolielewa, namwita namwuliza alitaka kusema nini kabla sijaweka wino. Wakaguzi wananiandika kuwa nachelewa, nami sibishani nao.

Nilifika Nyarugusu siku ya pili baada ya ule ujumbe. Papa alikuwa ameshazikwa. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wakanisogezea nafasi, na Mama Asende akanishika mabega akanilaza kifuani kwake kama mimi ndiye mfiwa. Amekuwa mzee na mdogo. Alisubiri watu wapungue, akanipeleka ndani. Ule mlango ulikuwapo bado juu ya madumu yake. "Alisema nikuulize miguu," aliniambia. "Alisema, mwalimu ndiye anayuwa kushika wembe."

Nilifungua kamba, nikaikunjua picha, nikaweka mawe kwenye ncha. Nikavunja wembe katikati. Nikaulaza mkono juu ya mlango mpaka ukatulia, kama nilivyofundishwa, kisha nikaanza na ukwato wa kona ya kulia: mstari mmoja, kutoka juu hadi ncha. Weupe ukarudi. Ukwato ukagawanyika. Nikaenda wa pili. Mama Asende alikuwa amesimama nyuma yangu na ufagio, akifagia palipokwisha kufagiwa. Nilipofika kama wa kumi, ufagio ulinyamaza. Sikugeuka. Wa kumi na tano, wa ishirini. Vumbi la wino lilikuwa limenijaa vidoleni na nililipuliza taratibu.

"Si farasi," alisema.

"Si farasi, mama."

"Ni ile njia."

"Ni ile njia."

Aliuzunguka mlango akaja upande wa pili, akainama, na sasa alikuwa akitafuta. Kidole chake kilikwenda chini kushoto, kwenye vumbi, mpaka kwenye ule mkono mdogo. Kikasimama juu ya kifungo. "Hiki nilishona mimi," alisema. "Cha kwake kilipotea, nikatoa kwa koti ya baba yake." Akaketi chini, sakafuni. Nilimweleza yote, kama nilivyoelezwa, pamoja na shati na mchanga, pamoja na boti ambayo asingeipanda. Kisha nikamweleza na langu. Kwamba kwato zilikuwa zimepasuka tangu mwanzo, na nilizifunika mimi, ili watu wasicheke.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Toka ile siku ya kiti?"

"Toka ile siku."

Nadhani alikuwa akiyahesabu mabasi yote aliyoyaendea tangu siku ile. Kisha akasema, "Malizia," nami nikamalizia, nikilia, nikijifuta kwa kiwiko ili machozi yasidondoke kwenye wino, mpaka wa arobaini na mbili. Alitoka nje. Nilimsikia akilia uani, si kwa sauti ya msibani wanayosaidiana wanawake, kwa sauti ya mtu mmoja, na hakuna aliyemwendea.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Chakula kilikuwa kimepakuliwa na majirani, lakini yeye alikwenda mwenyewe kwenye sanduku karibu na mlango, akateremsha sahani iliyofunikwa, akaondoa bakuli la bati. Bugali na sombe, bado vya moto. Akaniwekea mbele.

"Kula, mwalimu," alisema. "Hii haina mwenyewe."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikanawa, nikala yote.